Kizibo cha Waya wa Shangazi

Kwa heshima na taadhima, naomba iandikwe kwamba mimi ndiye niliyeuzima mtandao wa Shangazi, na kwamba wivu ndio ulionituma.

Shangazi ndiye aliyeunganisha kompyuta za kwanza za posta, enzi ambazo watu walidhani waya ni wa kuanikia nguo. Alipostaafu akawa mwandishi wa teknolojia gazetini, na sasa alikuwa anamalizia kitabu kuhusu kazi yake. Ukoo mzima ulitaka kutajwa humo. Mimi nilitaka kuliko wote. Lakini aliyeteuliwa kusoma mswada ni binamu yangu, ambaye bweni zima shuleni tunamwita Mtakatifu kwa sababu hata soksi anazipiga pasi. Likizo nzima kwa Shangazi ikawa Mtakatifu kasema sura ya tatu ndefu, Mtakatifu kaona koma imekosekana. Chai ikawa inanikwama kooni.

Jumamosi mchapishaji alikuja kuona mtandao wa zamani: kompyuta tatu chakavu katika chumba cha kuandikia, zote kwenye waya mmoja mnene. Mtakatifu ndiye angeuwasha. Kabla mgeni hajafika, nilichomoa kizibo cha chuma kilichofunga ncha ya waya, nikakitia mfukoni.

Mtakatifu akabonyeza kitufe cha kutuma ujumbe. Haukufika kompyuta ya pili. Akabonyeza tena, shingo inatoka jasho, kisha akaanza kuchomoa nyaya za umeme ovyo. Nilimpa pole kwa sauti ya msibani.

Shangazi alipiga magoti, akaupapasa waya kwa vidole, kompyuta moja hadi nyingine, mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Lete."

Nikaleta. Nikauliza amejuaje.

"Kizibo kikitoka, ishara zinagonga ncha na kurudi, mtandao wote unakufa. Niliandika hilo mara moja tu, mwaka juzi, ukurasa wa ndani kabisa wa gazeti. Binamu yako hajui. Kumbe wewe unanisoma."

Makala zake zote ziko chini ya godoro langu bwenini. Sikumwambia.

Kitabu kimetoka. Mtakatifu yumo kwenye shukrani, mstari mmoja. Mimi nina kurasa mbili nzima katika sura ya hitilafu, kama "mwizi mmoja wa nyumbani". Mtakatifu hasemi nami wiki ya pili sasa. Anadai huo ni uonevu. Lakini mstari wake una jina kamili, na kila nikiusoma, chai inanikwama vilevile.