Mpenzi wa Namba Fupi

Salio la Mama Pacha lilikuwa halikai kwenye simu. Mumewe alimwekea vocha kila asubuhi kabla ya kutoka na mkoba wake wa bisibisi kwenda kutengeneza friji za watu, na jioni akirudi anakuta limekauka. Mwanzoni wote wawili waliulaumu mtandao. Kisha mume akaacha kuulaumu mtandao, akaanza kuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeongea na ukuta.

"Leo ulimpigia nani?"

"Wateja. Na mama."

"Mama mnaongea nini mpaka salio lote linaisha?"

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule pale pale sebuleni. Maneno yale yalimchoma kuliko sindano. Mara za kwanza alijibu kwa upole. Baadaye alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu, kelele zake zimsaidie kunyamaza.

Siku moja wakiwa mezani, simu ya Mama Pacha ikalia kwenye kochi. Mume ndiye aliyekuwa karibu. Akaichukua, akaisoma kimya, kisha akaisoma tena kwa sauti kavu, kama anasoma bei ya dukani.

"Mpenzi, jana sikupata usingizi. Kila nikifumba macho nakuona wewe."

Meseji ilitoka kwa namba fupi ya ajabu, isiyo na jina.

"Nani huyu?"

"Simjui. Nyingine zilikuja nikazifuta, nilidhani matangazo."

"Wewe humjui, yeye halali kwa ajili yako."

Mama Pacha hakuwa na kosa, lakini aliusikia uso wake ukiwaka moto kama wa mwenye kosa, na alijua mumewe anauona. Mume akanawa mikono chakula kikiwa nusu sahani, akatoka nje.

Tangu hapo nyumba ikawa inasemezana kwa kupitia watoto. "Mwambie mama yenu shati langu liko wapi." "Mwambieni baba liko kwenye kamba." Pacha wakawa matarishi, wanakimbia kutoka chumbani hadi sebuleni wakicheka, wakidhani ni mchezo.

Jumamosi akaja wifi mtu. Huyu ndiye dada mkubwa wa mume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ulimi wake ungeweza kunyoa kichwa bila maji. Pacha wakapelekwa kwa jirani. Wifi akaketi, akauweka mkoba wake mapajani na kuushika kwa mikono miwili.

"Wifi yangu, sikuja kupigana. Nimekuja kusikia. Ndugu yangu anasema una mtu."

"Sina mtu, wifi."

"Na meseji je? Zinaota zenyewe kama uyoga?"

Mume alikuwa ameegemea mlango, anatazama vidole vyake. Kabla Mama Pacha hajajibu, simu ikalia pale mezani, katikati yao. Hakuna aliyeigusa. Mwishowe wifi akainyakua, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti.

"Mrembo, leo umependeza. Natamani ningekuwa hapo ulipo."

Wote wakalitazama gauni la Mama Pacha, la kazini, lenye nyuzi zilizonasa kifuani. Mume akaenda dirishani na kuchungulia barabarani.

"Mpigie," wifi akasema. "Weka sauti, tusikie wote."

Mama Pacha akapiga. Sauti ya mashine ikajibu kwamba namba hiyo haipokei simu.

"Mjanja," mume akasema. "Amejifungia."

Hapo Mama Pacha akasimama. Alikwisha kuona kwamba akibaki kwenye kiti kile atahukumiwa akiwa amekaa. "Twendeni ofisi ya kampuni ya simu," akasema. "Sasa hivi, sote. Wao watajua namba hii ni ya nani. Ikiwa ni ya mwanamume, mimi sirudi hapa, nitapitiliza kwa mama."

Njiani Mama Pacha aliwaza. Alijua hana mtu, lakini dunia ina mambo: je, kama kuna mteja aliyechukua namba yake na kuanza upuuzi? Nani angemwamini?

Kwenye kaunta alikuwapo binti mwenye miwani. Akaipokea simu, akabonyezabonyeza kwenye kompyuta yake, akatabasamu kidogo.

"Huyu si mtu, mama. Ni huduma ya meseji za mahaba. Kompyuta inawatumia watu maelfu maneno hayo hayo, na kila ikiingia moja, salio linakatwa."

Wifi akashusha pumzi. Mume akasogea karibu na kaunta.

"Lakini mimi sikujiunga," Mama Pacha akasema.

"Simu yako ilijiunga, Jumapili ile ya mwisho wa mwezi, mchana. Kuna mtu alibonyeza kukubali."

Mama Pacha akaikumbuka Jumapili ile. Pacha mmoja aliamka na maumivu ya jino, yeye akampeleka hospitali, na simu akaiacha nyumbani kwenye chaji. Akageuka polepole. Wifi naye alikuwa amekwisha kugeuka.

"Nani alikuwa nyumbani?" wifi akauliza.

Mume akalitazama feni lililokuwa likizunguka darini. "Simu za wateja wake zilikuwa nyingi, nikawa naangalia tu nani anampigia," akasema. "Sikuona kitu. Mara kikatokea kimaandishi kinauliza, 'Unataka kujua nani anakupenda?' Simu ni yake. Nikaona hapo ndipo nitamjua. Nikabonyeza ndiyo."

Binti wa kaunta akainamia kompyuta yake, mabega yakimtikisika. Wifi hakucheka. Akamshika Mama Pacha mkono. "Nilikuja na kesi, wifi, narudi na aibu. Nisamehe." Akatoka akiwa amekumbatia mkoba wake.

"Niifute?" binti akauliza.

"Ifute."

"Salio lililokatwa halirudi, mama."

"Najua."

Nje jua lilikuwa kali. Mume alitembea nyuma kidogo, kisha akajikaza akamfikia.

"Nimekosa," akasema.

"Umekosa." Mama Pacha akasimama. "Umepekua simu yangu, hilo nitalivumilia. Lakini ulikwenda kumwita dada yako aje kunihukumu, kabla hujaniuliza ukiwa tayari kunisikia. Kwa nini?"

"Niliogopa jibu."

Alilisema hilo akimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Mama Pacha aliona kwamba ni kweli, na ukweli ule ulimuuma na kumpoza kwa pamoja.

"Basi yameisha?" mume akauliza.

"Hayajaisha. Leo utanisikiliza mpaka nimalize, na dada yako hayumo." Akaanza kutembea. "Lakini kwanza tuwachukue watoto, jirani ana shughuli zake."