Mgongo wa Kinyozi

Kaka yangu ni kinyozi mstaafu, na maisha yake yote kazi yake ya pili ilikuwa kunibishia. Nikisema niliwahi kusimamisha gari moshi kwa mluzi tu, yeye huuliza breki alishika nani. Basi siku aliponisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa na kusema, "Kweli kabisa, bwana," nikajua hapa kuna mgonjwa.

Mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka zamani. Ugonjwa wa Parkinson, tuliambiwa. Sasa na akili nayo ikawa inaaga kidogo kidogo. Akawa anaona sebuleni paka wasiokuwepo, anawatengea kiti. Daktari akampa plasta za dawa, za kubandika mgongoni, mpya kila asubuhi. Hakutudanganya: haziponyi, ila huweza kumtulizia mtu mawazo, walau kwa muda.

Zikafanya kazi. Paka wakapungua. Asubuhi moja akaniuliza kama bado nakoroma. Mara akaanza kutapika, chakula hataki, akisimama anayumba. Shemeji, mkewe, akalitupa boksi la plasta juu ya kabati.

"Dawa hii itaniulia mume," alisema. "Bora anisahau akiwa hai."

Bila plasta, nani atanibishia? Nikamsihi twende kwanza kliniki. Akakubali, shingo upande.

Muuguzi akamvua kaka shati. Jamani, mgongo ulikuwa kama ukuta msimu wa uchaguzi: plasta juu, plasta chini, nyingine imejikunja pembeni kama bado inaomba kura. Kumbe shemeji hakubandua hata moja maadamu imeshika. Amekulia nyumba isiyotupa kitu. Sabuni yake huisha ikiwa nyembamba kama jani. Muuguzi hakucheka. Alimweleza kwamba plasta ya jana huendelea kuingiza dawa mwilini, na ya leo inaongezea, kwa hiyo mzee alikuwa akinywa kwa ngozi dozi ya ukoo mzima. Daktari akaagiza zote zitolewe, apumzike, kisha aanze upya na plasta ya dozi ndogo, na ya zamani ibanduliwe kabla ya mpya.

Shemeji alilia njia nzima. Nikamwambia angekuwa mvivu wa kubandika mpya kila siku, asingekosea. Akanitazama kwa jicho kali, lakini boksi akaliteremsha. Atajaribu, alisema, mzee akitapika tena, basi.

Hakutapika. Wiki kadhaa baadaye tulikaa barazani asubuhi, nikawa nasimulia nilivyombeba kaka mgongoni mpaka kliniki, tena mbio. Yeye ananisikiliza, mkono unatetemeka juu ya goti kama kawaida. Paka mmoja, alishatuambia, bado yupo chini ya meza.

"Wewe?" akasema polepole. "Mdogo wangu, si wewe uliyekalishwa chini hukohuko kliniki ulipoona sindano?"

Nikakana. Akashikilia. Nikamtaka alete shahidi, akasema shahidi ni muuguzi aliyenipepea. Shemeji akatusikiliza kidogo, akaenda kunawa mikono, akarudi na plasta mpya. Akambandua ile ya jana, akaikunja, akaitupa.

"Inama," alimwambia mumewe, "halafu uendelee kumbishia."