Gari la Shemeji Haligomi

Habari hii ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni machache na ndiyo maana siyachezei. Wala sijatia chumvi. Daktari amenikataza chumvi kwenye chakula, nami nikaona niipunguze na kwenye maneno.

Jumamosi moja asubuhi, mshona sare aliingia katika yadi ya magari ya shemeji yake akiwa na utepe wa kupimia shingoni, kwa kuwa alikuwa amesahau kuuvua. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kidole gumba kilichochomwa na sindano mpaka kikawa kigumu kama kwato. Alitaka gari dogo, la bei ndogo, lisilogoma. Hilo la kutogoma ndilo lililomnyima usingizi. Figo za mama yake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilibidi mama afikishwe hospitali, ng'ambo ya mji, kusafishwa damu kwa mashine. Teksi zilikuwa zimekwisha kula akiba, na sasa zilikuwa zimeanza kula pesa za vitambaa vya wateja. Mama akikosa mashine siku moja, miguu ilivimba. Akikosa mbili, daktari alisema wasisumbuke kumleta ya tatu.

Ushauri alikuwa nao wa kumwaga. Kinyozi alimwambia asihadaike na rangi, rangi ni poda. Jirani yake, dereva wa lori, alimwambia atazame tairi zimelika upande gani. Mkewe alimwambia anunue kwa ndugu, maana mgeni atakupiga na kukimbia, lakini ndugu utampata mezani. Na wote, isipokuwa mkewe, walimwambia aende na makanika.

Hilo la makanika halikuwezekana. Mwenye yadi alikuwa kaka wa mkewe, na kumleta makanika akague gari la shemeji yako ni kama kumweka polisi mlangoni siku ya harusi yako. Zaidi ya hapo, chumba cha mbele alichoshonea kilikuwa cha shemeji huyo huyo, ambaye hajawahi kumdai kodi, wala hajawahi kumwacha asahau kwamba hamdai.

Mji mzima ulimwita shemeji huyo Kilainishi, kwa sababu ya ulimi wake.

"Shemeji! Umekuja kunipima suti?"

"Nimekuja kutafuta gari."

"La nani?"

"La kumpeleka mama."

"Basi hilo si gari tena, ni ibada," Kilainishi alisema, akamshika mkono na kumpeleka mwisho wa yadi, kwenye gari dogo la kijivu lililooshwa likang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mshona sare hakujua injini, kwa hiyo alikagua anachokijua. Alipapasa viti na kuona mishono mipya, uzi wa nailoni, kazi ya haraka. Kisha akavuta mkanda wa kiti cha nyuma hadi mwisho wake, kama anavyovuta kitambaa kwenye jora kuona kama huko ndani kina doa. Kipande cha mwisho, ambacho kwa kawaida hakitoki, kilikuwa na mstari wa tope ulionyooka kama uliopigwa kwa rula na chaki. Upande mmoja wa mstari mkanda ulikuwa mweusi. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Kitambaa hiki kimelala majini," alisema.

"Soda hiyo. Mtoto wa watu alimwaga soda."

"Mtoto gani ana soda ya kufika dirishani?"

"Shemeji," Kilainishi alisema kwa upole, "unataka gari au unataka historia?"

Akataja bei. Ilikuwa nusu ya bei za yadi nyingine zote. Mshona sare aliuachia mkanda, nao ukarudi wenyewe ndani ya tundu lake, tope na yote. Akanunua.

Siku ya kwanza ya safari, walipokuwa wanapita benki, maji yaliingia. Yalitoka chini ya viti, ya kahawia, baridi, bila haraka, yakafika vifundoni, kisha kwenye miundi, kisha magotini, yakatulia hapo. Mshona sare alisimamisha gari na kufungua mlango. Hakuna tone lililomwagika. Maji yalikaa ndani wima, kama chai inavyokaa ndani ya kikombe. Mama yake, kiti cha nyuma, alikuwa amekwisha kukusanya kanga yake mapajani.

"Injini inaunguruma?" mama aliuliza.

"Inaunguruma."

"Basi funga mlango, mwanangu. Tutachelewa mashine."

Hospitalini muuguzi aliwaletea taulo. Aliuliza kama ni gari la Kilainishi, akaambiwa ndilo. Akasema mume wake naye analo, jeupe, la kwao huleta na konokono. Kisha akamlaza mama na kutafuta mshipa.

Mambo yakaenda hivyo. Asubuhi gari lilikuwa kavu, likipita benki maji yanaingia, wakishuka wanakamua nguo. Mshona sare alianza kuvaa kaptura. Trafiki mmoja aliwasimamisha, akainama dirishani, akayatazama maji, akauliza kizima moto kiko wapi. Mshona sare akamwonyesha maji. Trafiki alisema sheria inataka kile cha mtungi mwekundu, akamwandikia faini.

Kwa mama jambo lilikuwa gumu kwa namna nyingine. Wagonjwa wa figo hawaruhusiwi kunywa wapendavyo, na yeye daktari alimpimia kikombe kimoja kidogo kwa siku. Alikuwa akikinywa kwa kijiko. Sasa mara tatu kwa wiki alikaa ndani ya maji hadi magotini, midomo imekauka kama gunzi, mikono juu ya mapaja.

"Aliyepanga hili ni mcheshi," alisema siku moja.

Siku nyingine mshona sare alitupa jicho kwenye kioo na kumwona mama ameyachota kwa kiganja. Hakuyanywa. Aliyatazama tu, kama mtu anayesoma. Mshona sare alipunguza mwendo.

"Haya ni maji ya watu," mama alisema mwishowe, akafungua vidole. "Siyanywi."

Watu hao walianza kuonekana kidogo kidogo. Kwanza kilielea kitana. Kisha kiatu cha mtoto, cha kushoto. Kisha, Alhamisi moja kwenye foleni, sketi ya shule iliibuka kutoka chini ya kiti cha mbele na kuelea hadi kwenye magoti ya mama, ikatua hapo. Mshona sare aliipokea hospitalini na kuigeuza ndani nje. Haikuwa ya shule yoyote aliyoijua. Pindo lilikuwa limefunguliwa mara mbili na kushonwa upya kwa mkono, na bado lilikuwa limebakizwa kitambaa cha mara ya tatu. Mwenye sketi alikuwa bado anarefuka, na mtu wa nyumbani kwao alikuwa amejipanga.

Mama alisema ianikwe. Mshona sare aliianika dukani, karibu na cherehani. Haikukauka. Ilidondosha maji mchana kutwa juu ya sakafu, na wateja wakazoea kuiruka.

Mshona sare alikwenda yadi na sketi mkononi.

"Shemeji, gari hili lilizama na watu."

Kilainishi aliitazama sketi kwa heshima, akavua hata kofia. "Magari yanatoka mbali, ndugu yangu. Huko mbali kuna mambo mengi. Mimi napokea chuma, sipokei misiba."

"Lirudishe. Nipe pesa yangu, au nipe jingine."

"Jingine lipi?" Kilainishi aliuliza, akanyoosha mkono kuelekea yadi nzima. Magari yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa, yanang'aa. Chini ya kila moja palikuwa na kidimbwi kidogo, ingawa mvua haikuwa imenyesha. "Chagua unalotaka. Halafu nikuulize, hilo lako limewahi kugoma?"

Mshona sare alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na hilo lilimponza. "Halijagoma," alisema.

"Sasa ugomvi uko wapi? Chumba nacho vipi? Hakivuji?"

"Hakivuji."

"Alhamdulillahi," Kilainishi alisema, akavaa kofia.

Usiku ule mkewe alisikiliza yote huku akikunja nguo zilizolowa. "Unataka nisimame katikati ya mume na kaka yangu?" aliuliza. "Na dukani ukishafukuzwa, cherehani utaiweka kichwani? Mama utampeleka kwa baiskeli?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehesabu milango ya chumba na kukuta yote ni madirisha. Akamtafutia kaptura kavu ya kesho.

Baada ya mwezi, Kilainishi alifika dukani na wateja wawili, mwalimu wa chekechea na mumewe. Mwalimu alikuwa mjamzito, amebeba tumbo lake kwa mikono miwili kama tikiti la kuazima. Walitaka gari dogo, la bei ndogo.

"Msiniamini mimi," Kilainishi aliwaambia. "Mimi ni mfanyabiashara. Muulizeni shemeji yangu. Huyu uongo haujui hata kwa kuonyeshwa."

Mwalimu aliisogelea cherehani. "Kaka, tuambie kama ndugu zako. Gari lake limewahi kukuangusha njiani?"

Sketi ilidondosha tone. Mshona sare alitazama mguu wa cherehani, akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa chumba chake mwenyewe na kuupapasa kwa kiganja. Chumba cha nyuma mama alikuwa anafunga kilemba. Ilikuwa siku ya mashine, na zilibaki dakika chache.

"Halijagoma hata siku moja," alisema. "Linawaka mara moja, asubuhi ya baridi, asubuhi ya joto."

"Na kuna jambo jingine tulijue?"

Kilainishi alikohoa kidogo.

"Vaeni ndala," mshona sare alisema.

Mwalimu alicheka sana, akamwambia mumewe kwamba mafundi nguo wana utani. Wakaenda yadi. Jioni ile walipita mbele ya duka ndani ya gari jekundu, wakapiga honi. Mwalimu alikuwa ameinua miguu na kuiweka juu ya dashibodi.

Mimi habari hii niliisimulia kwenye benchi la mama muuza chai, mbele ya wastaafu wenzangu, na nilikuwa nimefika hapo kwenye ndala, nangoja nisifiwe, mshona sare mwenyewe alipotokea nyuma yangu. Alikuwa ameacha gari barabarani. Shati lake lilikuwa limegandana na mwili.

"Mzee, wewe ni mwongo," alisema.

"Wapi nimedanganya?"

"Umewaambia maji yanafika magotini." Alijishika kifuani kwa ubapa wa mkono, kama anavyofanya akimpima mteja. "Magotini ilikuwa zamani. Sasa ni hapa. Mama namkalisha juu ya mito mitatu."

Wenzangu walinigeukia wote pamoja. Nilijitetea kwamba kupunguza si kudanganya, wakasema uongo ni uongo, uwe wa kuzidisha au wa kupunja, na kwamba niliapa. Nililipia vikombe vyote, na chake pia, ambacho alikinywa amesimama, kwa sababu hakutaka kutulowesha benchi.