Pikipiki Iliyojua Sauti ya Ogutu

Syokau alikuwa amesambaza meno ya bandia Nairobi kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuchelewesha mdomo wa mtu. Alikuwa akitoka kwake Woodley alfajiri, anachukua visanduku kwenye maabara ya meno kule Kilimani, kisha anazunguka navyo kliniki hadi kliniki kwa pikipiki yake nyekundu.

Ijumaa hiyo alikuwa amebakisha kisanduku kimoja tu, cha Spring Valley. Akaona apitie kwanza mjini, kwenye duka alikoinunua ile pikipiki, kwa maana walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba wateja wa zamani wanafungiwa bure kifaa cha kuzuia wezi. Kifaa kinaijua sauti ya mwenye pikipiki, ujumbe ulisema, na mwingine yeyote akijaribu kuiwasha, haiwaki.

Walimkalisha kwenye kochi, wakampa chai. Nyuma ya kioo aliweza kumwona fundi, mwanamume mnene aitwaye Ogutu, amechuchumaa kando ya pikipiki yake akisema nayo. Chai ilipokwisha, Ogutu alikuja akijifuta mikono polepole, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, imeingia vizuri," alisema. "Shida ni moja. Ilikuwa inataka mtu aseme maneno fulani mara saba. Mimi nilidhani ni ya kujaribu tu."

"Maneno gani?"

Ogutu aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye mwenye pikipiki hii."

Pale nyuma ya kioo, pikipiki ikawaka, ikanguruma. "Karibu, mwenye pikipiki," ikasema kwa sauti ya kike, yenye adabu.

Meneja wa duka, Millicent, aliitwa. Alieleza kwa upole kwamba anayeweza kuifuta sauti ile ni mtaalamu wao Maurine, na Maurine yuko Kisumu mpaka Jumatatu. Kifaa chenyewe kikitolewa kwa nguvu, pikipiki itajifunga isiwake tena.

"Na mimi niko na meno ya mtu hapa," Syokau alisema, akikiinua kisanduku. "Leo saa kumi yule mzee anaongea kwa mahari ya binti yake. Aongee na nini?"

Millicent alifikiri. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya vifaa vya kuazimwa, na kwenye nafasi ya jina la kifaa akaandika: Ogutu, fundi, mmoja. Syokau akatia sahihi.

"Madam, mimi niko na mazoezi ya kwaya saa kumi na mbili," Ogutu alisema. "Mimi ndio besi."

"Basi muende haraka," Millicent akajibu.

Hivyo ndivyo Syokau alivyotoka mjini akiwa amempakia mtu mzima nyuma kama mzigo. Barabara ilijaa magari. Pikipiki ilikuwa na tabia ya kuzimika ikisimama sana, na kila ilipozimika Ogutu aliinuka kidogo kwenye kiti, akakohoa, akatangaza: "Mimi ndiye mwenye pikipiki hii." Watu kwenye magari waligeuka kumtazama. Wengine walimpongeza.

Karibu na mzunguko wa Westlands, askari wa trafiki aliwapungia mkono. Alikuwa kijana mpole, na hakuwa na haraka.

"Hii pikipiki ni ya nani?"

"Ni yangu, afande," Syokau alisema, akamwonyesha karatasi zote. Askari alizisoma, akaridhika, akamrudishia.

"Sawa mama, endeni."

Hawakuenda. Syokau alitazama mbele. Ogutu alitazama angani. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza, kwamba yeye ndiye mwenye pikipiki hii. Pikipiki ikawaka, ikamkaribisha.

"Hebu zima," askari alisema.

Walimweleza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwamuru Ogutu aseme ukweli, na Ogutu akasema ukweli, kwamba pikipiki ni ya mama huyu, na pikipiki haikuwaka. Akamwamuru aseme tena ule uongo. Ikawaka. Askari akavua kofia, akainama, akajaribu mwenyewe. "Sauti haitambuliki," pikipiki ilimwambia. "Tafadhali mwite mwenye pikipiki." Askari aliona aibu, akawaita wenzake wawili, nao wakajaribu kwa zamu. Nusu saa nzima ikapotelea hapo, na Ogutu akaonyesha mara kumi na tisa.

Walipofika kliniki, Mzee Oduor alikuwa mlangoni ameufunika mdomo kwa leso, suti imepigwa pasi. Daktari alimvuta ndani. Baada ya muda mfupi mzee akatoka na meno yake, akiyajaribu kwa kuhesabu siku za wiki, na alipofika Alhamisi akatabasamu. Gari la nyumbani likamchukua saa kumi kasorobo. Syokau akashusha pumzi.

"Haya Ogutu, sema twende."

Ogutu alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama mlango wenye kutu. Vumbi, baridi na kutangaza mchana kutwa vilikuwa vimemmaliza koo.

"Sauti haitambuliki," pikipiki ilisema.

Daktari alimpa maji ya moto, chumvi, tangawizi. Haikusaidia. Saa kumi na moja ikapita. Ogutu aliketi kwenye ngazi, machozi yakimlengalenga, akinong'ona kwamba bila besi kwaya itakuwa ya kina mama watupu.

Syokau alimwonea huruma, na kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya, alivuta kidevu kifuani, akatoa tumbo mbele, akakohoa kidogo na kuvuta lile neno "ndiye" kama alivyolisikia kutwa nzima. "Mimi ndiye mwenye pikipiki hii."

"Karibu, mwenye pikipiki."

Ogutu alimtazama kwa uchungu. "Mama," alinong'ona, "kumbe mimi huongea hivyo?"

Syokau alimfikisha kanisani saa kumi na mbili kamili. Kiongozi wa kwaya alipogundua besi wake amepotewa na sauti na kusikia kwamba mama huyu anayo nakala, alimshika mkono. Syokau aliimba jioni ile akiwa bado na helmeti, na Ogutu amesimama kando yake akifungua mdomo tu.

Jumatatu Maurine aliunganisha kompyuta yake na pikipiki, akaisoma skrini.

"Inasema mwenyewe ni mwanamume wa miaka hamsini na tano," alisema. "Na tangu Ijumaa ana mafua. Imempendekeza apumzike."

Syokau aliomba kifaa kitolewe, na Maurine akakitoa. Kisha Syokau akanunua mnyororo mnene na kufuli ya shaba, akaenda kuchukua meno yake Kilimani.