Risasi ya Nguruwe wa Mchombe

Nguruwe pori alikuwa amekwisha kula nusu ya mpunga wa Agnella pale Mchombe, ndipo mama huyo akamwita Dionisi, mwindaji mwenye kibali. Alfajiri Dionisi alijibanza kwenye matete na shemeji yake Alfonsi. Ndani ya bunduki alikuwa ametia risasi ya kipande kimoja, ile ya kuvunja mfupa.

Nguruwe akatoka, dume kubwa.

"Piga, shemeji!" Alfonsi alinong'ona.

Dionisi alilenga, kisha kidole kikaganda. Nyuma ya nguruwe moshi mwembamba ulipanda juu ya mpunga. Msimu wa mavuno watu huhamia mashambani, na Agnella alikuwa amelala pale, kwenye dungu lake la kulindia mpunga. Kipande kile kingempita nguruwe na kumfikia. Taratibu akaifungua bunduki, akakitoa, akatia marisawa makubwa, vile vipande vingi visivyompenya mnyama.

"Unabadili sasa hivi? Au mkono umezeeka?"

"Nyamaza."

Mlio wa bunduki kufungwa ulimshtua nguruwe. Akageuka, akawajia. Alfonsi akatimua mbio. Marisawa nayo, yakimkosa nguruwe, yangeweza kufika kwenye dungu, kwa hiyo Dionisi akasogea kando, mpaka nyuma ya mnyama pakawa na tuta la mfereji tu. Akangoja hadi akasikia pumzi za nguruwe, ndipo akafyatua.

Nguruwe akaanguka miguuni pake.

"Mmempata?" Agnella aliita kutoka kwenye dungu.

"Tumempata!" Dionisi alijibu, akaifungua bunduki na kulitoa ganda.