Chavua Kutoka Mthatha

Mumewe alipofariki, MaCele alibaki Eshowe na vyungu thelathini vya umayime, ua la kivulini. Umayime wa msituni huchanua rangi ya chungwa. Wake ulikuwa wa njano, aina adimu. Watoto wake walikuwa Johannesburg, simu zao ni za Krismasi. Mtu pekee wa kuzungumza naye habari za maua alikuwa Jwara, mwalimu mstaafu wa Mthatha aliyekutana naye kwenye maonyesho ya maua. Jwara alimpigia simu kila Jumapili.

Mwaka mmoja Jwara akamtumia kwenye bahasha chavua ya ua lake la njano. MaCele akaipaka kwenye maua yake, akangoja mbegu miezi tisa, akazipanda. Miche ikaota na wekundu sehemu ya chini ya shina, dalili kwamba itachanua rangi ya chungwa.

"Mwalimu, hii chavua umeichuma kichakani."

"MaCele, ua lenyewe liko hapa dirishani, njano kama kiini cha yai."

"Njano kwa njano huzaa njano. Usinifanye mtoto."

"Haya, mama. Ukishaniona mwongo, sina la kuongeza."

Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala iliyofuata hiyo. Naye hakupiga. Miche aliisukumia nyuma ya nyumba.

Ilichanua baada ya miaka minne, rangi ya chungwa iliyokolea. Akapeleka chungu kimoja kwenye maonyesho. Nokwethemba, binti anayefanya kazi maabara ya mimea, akamuuliza kuhusu wazazi wa ua lile.

"Wote njano? Inawezekana, Mama. Wekundu unaoleta rangi ya chungwa, mmea huupika kwa hatua. Lako limekosa hatua moja, la mwenzako limekosa nyingine. Mtoto amepata kwa huyu asichonacho yule, rangi ikatimia. Ukiyachavusha haya yenyewe kwa yenyewe, karibu nusu ya miche itarudi njano; chavua ingekuwa ya kichakani, ingerudi robo tu."

"Kwa hiyo hakunidanganya."

"Nani?"

MaCele akabeba chungu chake. Alipofika nyumbani akapiga namba ya Jwara. Akapokea kijana.

"Laini hii nimeinunua mwaka juzi, mama. Huyo Jwara simjui."

"Umayime wake umechanua," MaCele alisema. "Rangi ya chungwa."

"Hongera, mama." Akakata.

Aliulizia kwenye maonyesho mawili zaidi. Hakuna aliyejua Jwara aliko. Ndipo akachavusha maua yale ya chungwa yenyewe kwa yenyewe. Mbegu zilipoota, miche ishirini na sita ilikuwa na wekundu, ishirini na miwili kijani kitupu, dalili ya njano. Aliihesabu mara mbili, karibu nusu, wala si robo, akaketi kibarazani. Ilikuwa Jumapili.