Jukwaa Nyuma ya Goli la Juu

Timu ya Siafu ilizaliwa sebuleni kwa Mama Gundi, na usidhani nasema kwa kupamba. Ilizaliwa pale pale, kati ya cherehani na kabati la vyombo, vijana wamekaa sakafuni kwa sababu viti vilikuwa viwili na kimoja kibovu. Yeye ndiye aliyewashonea jezi za kwanza kwa kitambaa cha bitana kilichobaki dukani, na zilipofuliwa mara moja tu zikarudi kuwa za watoto. Walizivaa hivyo hivyo, vitovu nje, wakafungwa mabao sita. Walioshuhudia siku ile walicheka mpaka wakashika mbavu.

Gundi alikuwa mwanawe wa pekee, golikipa. Jina walimpa wenzake kwa kuwa mpira ukifika mikononi mwake hautoki, na mama naye akaitwa kwa jina hilo hilo. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikaa nyuma kabisa ya goli la juu. Marehemu mumewe alikuwa mtunza kiwanja. Mwenye ardhi alimwambia ajenge pale awe karibu na kazi, wakapeana mikono, yakaisha. Alipofariki, mjane alibaki na cherehani yake barazani na wateja ambao vipimo vya viuno vyao alivijua kwa macho tu. Baadaye yule mwenye ardhi, mzee aliyependa soka kuliko watoto wake wa kuzaa, akawapa Siafu kiwanja chote na kila kilichokuwa juu yake. Kila kitu, ndiyo, na nyumba ikiwemo.

Sasa, Siafu walikuwa na desturi yao. Jambo likishapitishwa kwa mikono halirudi tena mezani, hata liwe la kipuuzi namna gani. Ndivyo walivyochagua rangi za timu, na ndivyo walivyomtimua kocha wao wa kwanza, maskini, akiwa ametoka tu kwenda kununua sigara. Siku moja, baada ya kufungwa tena, Mwenyekiti, muuza mbao mwenye maneno mengi, alisimama pale sebuleni akaanza kuota akiwa macho. Akasema siku watakapoingia ligi kuu watajenga jukwaa la viti, na litakaa nyuma ya goli la juu, maana upande mmoja kuna barabara, wa pili shule na wa tatu mfereji. Anayekubali anyooshe mkono. Vijana walicheka mpaka wakagaragara. Ligi kuu ipi tena, na wao wanaburuta mkia daraja la mwisho? Mama Gundi, pini mdomoni, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, tena juu kabisa, kwa utani. Wakampigia makofi.

Kilichofuata hata wao wenyewe hawakujua kilitoka wapi. Msimu uliofuata wakapanda daraja. Wakapanda tena. Kampuni moja ya sabuni ikawachukua, na mara wakawa na basi, daktari, mishahara ya kila mwezi, na kocha mgeni aliyewapiga marufuku kula chipsi. Jezi zikawa zinaletwa zimeshonwa tayari. Mama Gundi akabaki na kazi ya kubandika namba mgongoni, na baadaye hata hiyo ikaisha. Wale vijana wa sakafuni waliwekwa benchi mmoja mmoja, kisha hawakuonekana tena. Alibaki Gundi peke yake, akilala kambini na wenzake, akija kwa mama siku za mapumziko kula na kusinzia.

Ukafika msimu ambao ilibaki mechi moja. Sare tu, na Siafu wangeingia ligi kuu. Wiki ile ndipo Mwenyekiti alipokuja na watu wawili wenye utepe wa kupimia, wakaanza kupima jikoni kwa Mama Gundi kabla hata hajawakaribisha. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai ikapoa mbele yake, akaeleza kwamba bila jukwaa ligi haitawapokea, kwamba wakipanda ujenzi unaanza mara moja, na wasipopanda kampuni ya sabuni inaondoka, na hapo kila kitu kinabaki kama kilivyo. Yeye watamtafutia chumba upande wa pili wa mji, kizuri, bomba ndani. Mama Gundi akauliza kama jambo hilo haliwezi kuzungumzwa upya.

"Mama yangu," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, "lilipita kwa mikono. Na wako ulikuwa wa kwanza."

Alitaka kumtukana, akakuta hana tusi. Akauliza tu huko upande wa pili wa mji nani atamletea nguo, nani anamjua. Mwenyekiti akasema watu watamzoea. Mtu akikuambia hivyo ujue mazungumzo yameisha.

Gundi alikwenda kwa kocha, akaenda kwa watu wa sabuni, akarudi kwa Mwenyekiti. Kila mmoja alimwonea huruma na kumpeleka kwa mwenzake. Akamwambia mama anaacha timu. Mama akamkatalia katakata: akiacha yeye, watamweka kipa mwingine na nyumba itavunjwa vile vile, halafu watakuwa wawili wasio na kitu.

Basi lililobaki ni kufungwa. Mama Gundi alimwomba Mungu Siafu wafungwe, akaona haya, akaomba msamaha, kisha akaomba tena.

Siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa shule. Kipindi cha pili Gundi alilinda goli la juu, na mama alikaa barazani kwake nyuma ya nyavu, na suruali ya mteja mapajani ambayo hakuipiga hata sindano moja. Bila kwa bila. Zikiwa zimebaki dakika za mwisho, beki wa Siafu akaushika mpira ndani ya boksi, refa akaonyesha penalti.

Gundi akageuka nyuma. Hakuwa na tabia hiyo. Alimtazama mama yake kupitia nyavu, na mama akajua anaulizwa nini. Ilikuwa kazi ndogo: aangukie upande mwingine, basi. Hakuna anayemlaumu kipa kwa penalti. Lakini ni mama gani wa kumwambia mwanawe afungwe mbele ya watu wote wale? Na akimwambia audake, yeye aende kuishi wapi? Shingo ikakataa kugeuka huku wala huku. Akainamia ile suruali. Alipoinua macho, Gundi alikuwa amekwisha kumgeukia mpigaji.

Mpira ulipigwa chini, kushoto. Gundi alikwishaanza kuangukia kulia, mapema mno, kama mtu aliyesukumwa, na kipa kama yule haanguki mapema. Mama akaelewa, akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini mguu wa Gundi ulibaki nyuma, mpira ukamgonga kisigino na kutoka nje. Kona ikapigwa, ikaokolewa, refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Loo, watu walivyomiminika! Gundi alikuwa bado kifudifudi, uso kwenye majani, wakamnyanyua hivyo hivyo. Kisha mmoja akakumbuka kwamba mama wa shujaa yuko barazani, wakaruka uzio, wakamwinua naye juu ya mabega, kiatu kimoja kikadondoka. Wakawakutanisha katikati ya kiwanja, mama juu ya mabega haya na mwana juu ya yale, na Gundi analia.

"Mama," akasema, "nilijaribu."

"Hukujaribu, bwana, umeweza," akajibu aliyembeba, naye machozi yanamtoka.

Mama Gundi akaunyoosha mkono amshike, lakini umati ukawatenganisha. Kutoka juu pale aliliona paa la nyumba yake, yale mabati aliyoyapigilia marehemu kwa nyundo, na jinsi nyumba yenyewe ilivyokuwa ndogo. Akaomba wamteremshe. Wakamrusha juu. Akaomba tena, akimpiga mmoja begani, nao wakadhani ni furaha, wakaanza kuzunguka naye kiwanja upya.